Namba ya mbele ya lenzi, na mambo isiyokuambia

Jioni ya Nairobi haikawii. Ikifika saa kumi na mbili na nusu jua limeshajificha nyuma ya Ngong, na kabla nusu saa haijaisha giza limetanda na taa za matatu pale Ambassadeur zimeshika zamu. Tuko karibu mno na ikweta kupata machweo ya kujivuta. Mwenye kamera ya filamu ana kama dakika ishirini za kufanya kazi. Akiwa na lenzi ya f/3.5 (namba hii hupima tundu la lenzi; ikishuka, mwanga unaoingia unaongezeka) na filamu ya ISO 400, yaani yenye wepesi wa wastani wa kunasa mwanga, dakika hizo zitamwishia akitafuta nguzo ya kuegemea. Akiwa na lenzi ya f/1.5, ndio kwanza anaanza.

Ndiyo sababu waliorudia filamu hapa mjini, wakishapata kamera ya zamani kama Zorki, Canon P au, kwa mwenye bahati, Leica, swali linalofuata huwa lile lile: nitafute lenzi gani ya milimita 50 yenye namba ndogo? Wanaona 1.5, wanaona 1.4, wanaona 1.2, wanasikia ipo hata ya 0.95, na bei inapanda kadiri namba inavyoshuka. Inaonekana kama ngazi: ukiwa na hela, panda. Nami nilipanda hivyo hivyo, kisha nikateremka. Nimemiliki lenzi nne za aina hii: Jupiter-3, Summarit, Canon ya f/1.4 na Canon ya f/1.2. Mbili nimeziuza, mbili ninazo. Nilizouza ndizo nilizonunua ghali.

Kabla ya lenzi, neno moja kuhusu kamera, kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Kwenye renjifainda, ndizo kamera za aina hiyo, huchungulii kupitia lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, na ndani yake unaona kitu unachokipiga kikiwa kimoja na kivuli chake kikiwa kando, kama mtu na pacha wake. Unazungusha lenzi mpaka wawili hao waungane. Kinachowaunganisha ni kijiti kidogo cha chuma ndani ya kamera kinachogusa kitako cha lenzi na kusoma imesogea kiasi gani. Basi. Kamera haijui lenzi inaona nini; inajua tu imesogea kiasi gani. Dirishani kila kitu kinaonekana kikali wakati wote, cha karibu na cha mbali, na lenzi ikiwa na kasoro utaijua siku filamu imesafishwa.

Hesabu ya darasa la sita

Ile namba hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi kwa upana wa tundu. Milimita 50 ya f/2 ina tundu la milimita 25. Ya f/1.4 ina karibu 36. Ya f/0.95 ni kama 53, tundu pana kuliko urefu wa fokasi wenyewe. Na kwa kuwa mwanga hufuata eneo la tundu wala si upana wake, kutoka f/2 hadi f/1.4 mwanga unaongezeka maradufu. Hiyo ndiyo hatua moja: kama shata ilikuwa 1/30 ya sekunde, sasa unaweza kwenda 1/60 na mkono wako usionekane kwenye picha.

Rudia hesabu hiyo kati ya 1.5 na 1.4. Unapata asilimia 15 tu, kama sehemu moja ya tano ya hatua. Shata ya kamera iliyofikisha miaka sitini, hata iliyotoka kwa fundi jana, inaweza kukosea zaidi ya hapo na usijue. Kutoka 1.4 hadi 1.2 unaongeza asilimia 36, chini kidogo ya nusu hatua. Ni kutoka 1.4 hadi 0.95 ndipo unapata hatua nzima na ushee. Kwa hiyo mashindano ya 1.5 na 1.4 yalikuwa zaidi ya matangazo kuliko ya mwanga. Nikon walikuwa na milimita 50 ya f/1.5, hawakukaa nayo. Mwaka 1950 walileta ya f/1.4 yenye muundo ule ule wa msingi, na namba mpya ikafanya kazi yake kwenye karatasi za tangazo.

Dirisha la duka

Pita Biashara Street mchana, simama mbele ya duka la nguo. Unaiona suti iliyovishwa sanamu, na juu ya suti unajiona wewe mwenyewe na pikipiki inayopita nyuma yako. Kioo kimepitisha mwanga mwingi, lakini kidogo kimekurudishia. Kila mara mwanga unapotoka hewani kuingia kwenye kioo, au kwenye kioo kurudi hewani, asilimia 4 hadi 5 hivi hugeuka na kurudi ulikotoka.

Dirisha lina nyuso mbili tu. Lenzi kali, yaani yenye namba ndogo, ina vioo sita au saba, na kila kioo kinachosimama peke yake huleta nyuso zake mbili. Mwanga unaorudi haupotei. Unaruka kutoka uso mmoja hadi mwingine kama mpira uliofungiwa chumbani, na mwisho unaangukia filamu mahali usipotakiwa. Weusi unakuwa kijivu. Taa moja inazaa vivuli vya taa. Hilo ndilo lililowatesa watengenezaji wa lenzi kwa miaka mingi: mwaka 1896 Paul Rudolph wa Zeiss alishachora Planar, mpangilio wa vioo uliosahihisha mambo mengi kwa ustadi, lakini ulikuwa na nyuso nyingi mno za hewa na kioo, na haukupata nafasi yake mpaka miongo kadhaa baadaye.

Ludwig Bertele alipita njia nyingine. Kwenye Sonnar ya f/1.5, iliyotoka mwaka 1932 kwa ajili ya kamera ya Contax, alichukua vioo saba akavigandisha vikawa makundi matatu. Makundi matatu ni nyuso sita tu zinazogusa hewa. Washindani wao, Leitz wa Leica, walijibu mwaka 1936 kwa Xenon, nayo f/1.5, muundo wa Schneider: vioo saba pia, lakini makundi matano, nyuso kumi.

Tuchukulie kila uso unapoteza asilimia 5. Baada ya nyuso sita, Sonnar inabakisha kama asilimia 73 ya mwanga. Baada ya nyuso kumi, Xenon inabakisha kama 60. Zote mbili zimeandikwa 1.5 mbele! Tofauti yao ya kweli ni kubwa kuliko ile ya 1.5 na 1.4 ambayo watu wanailipia hadi leo, na hapo hatujahesabu ule mwanga uliopotea njia na kwenda kupausha picha.

Dawa ilipatikana Zeiss hapo hapo. Mwaka 1935 Alexander Smakula alibuni namna ya kupaka kioo utando mwembamba sana unaopunguza kurudi kwa mwanga. Ndio ule uzambarau au ubuluu unaouona ukiinamisha lenzi. Baada ya vita utando ukawa jambo la kawaida, na nyuso kumi hazikuwa tena kosa. Summarit ya f/1.5 ambayo Leitz waliitoa mwaka 1949 ni ndugu wa Xenon aliyepakwa utando.

Koo mbili

Kutoka hapo, karibu kila lenzi kali ya milimita 50 ya renjifainda utakayoonyeshwa ina ukoo mmoja kati ya mbili, na ukijua ukoo umejua nusu ya tabia.

Ukoo wa Sonnar ulisambaa kwa sababu ya vita. Ujerumani iliposhindwa, hakimiliki zake hazikuwa na mlinzi, na mitambo ya Contax ikachukuliwa na Wasovieti kama fidia. Contax ikageuka kamera ya Kiev, na Sonnar ya f/1.5 ikageuka Jupiter-3, ile ya kwanza kabisa ikitumia kioo cha Kijerumani kilichobebwa pamoja na mitambo. Jupiter-3 iliendelea kutengenezwa kwa miongo kadhaa, ndiyo maana bado inapatikana kwa bei ya binadamu. Huko Japani nako Nikon na Canon wakafuata mchoro huo huo: Nikkor za f/1.5 na f/1.4, na Canon ya f/1.5 ya mwaka 1952. Mpiga picha wa jarida la Life, David Douglas Duncan, alizifunga Nikkor kwenye Leica zake akaenda nazo vita vya Korea mwaka 1950, na Wamarekani wakaacha kucheka lenzi za Japani.

Ukoo wa pili ni wa Gauss, uliotokana na ile Planar ya kale: nusu mbili zinazotazamana na tundu katikati. Humo mna Xenon, Summarit, Summilux ya f/1.4 ya mwaka 1959, Nokton ya f/1.5 ya Voigtländer, na Canon zote zilizofuata: f/1.2 ya 1956, f/1.4 ya 1957, f/0.95 ya 1961. Utando ulipofungua mlango, ukoo huu ukashinda. Sonnar ilikuwa na tatizo moja zaidi: kioo chake cha nyuma hukaa karibu sana na filamu. Renjifainda haina kioo cha kupinduka ndani, hivyo nafasi ipo. Kamera za reflex, ambazo unachungulia kupitia lenzi yenyewe, zilipotawala miaka ya sitini, kioo kinachopinduka kilihitaji nafasi hiyo hiyo, na Sonnar ya milimita 50 ikakosa pa kukaa.

Tofauti ya koo hizi mbili machoni? Sonnar ikifunguliwa wazi huchora uso kwa kontrasti nzuri katikati, na nyuma ya uso vitu vinayeyuka taratibu bila kingo. Gauss za zamani zikifunguliwa wazi huwa na nyuma yenye fujo. Taa zinageuka visahani vyenye ukingo mkali, na kwenye Summarit majani ya mti yanaanza kuzunguka kama maji yanayoingia shimoni. Lakini ukibana tundu hadi f/4 au f/5.6, Gauss inakuwa kali kutoka kona hadi kona, wakati kona za Sonnar zinachelewa kuamka. Niliwahi kusimama Tom Mboya Street usiku na Summarit wazi kabisa, mbele yangu matatu yenye taa za buluu na zambarau kila upande. Kila taa ilivaa shela. Kuna anayelipia shela hizo. Mimi nilitaka kusoma jina la gari.

Futi ya fundi cherehani

Sasa tufike kwenye jambo linalowaliza watu wengi, nalo halina mahali popote linapoandikwa kwenye lenzi.

Rafiki aliniazima Nikkor ya f/1.4 wiki moja. Nikaenda kwa mama mshonaji jirani yangu hapa Ngara nikamwomba futi ya kupimia nguo. "Ya nini tena, baba?" akauliza, maana ananijua. Nikailaza juu ya meza yake kwa mshazari, nikasimama mita moja, nikalenga alama ya 50. Nikapiga f/1.4, f/2, f/2.8, f/4, f/5.6, kila moja bila kugusa pete ya kulenga, nikiandika kwenye daftari. Filamu iliposafishwa nikazikagua hasi kwa kikuza-macho. Kwenye f/1.4 namba 50 ndiyo iliyokata. Kwenye f/2.8 namba 50 inasomeka, lakini iliyokata ni 53. Fokasi imehama peke yake, imekwenda nyuma, na hakuna aliyeigusa.

Si ubovu. Kwenye lenzi hizi mwanga unaopita pembezoni mwa kioo hukutana mahali pa karibu kidogo kuliko ule unaopita katikati. Ukifungua tundu lote, makundi yote mawili yanapiga kura na fokasi inakaa kati yao. Ukibana, unafukuza mwanga wa pembezoni. Ule wa katikati unabaki kuamua peke yake, na uamuzi wake uko nyuma zaidi. Lenzi zote kali za zamani zina kiasi fulani cha hili, ila ukoo wa Sonnar umezidi. Mtu mwenye kamera ya kidijitali isiyo na kioo cha ndani anaona kwenye skrini na kurekebisha. Sisi wa renjifainda tunachungulia kidirisha kisichojua lolote.

Kwa hiyo aliyeitengeneza lenzi alilazimika kuchagua: kijiti cha kamera kisome sawa tundu likiwa wazi, au likiwa limebanwa? Nikkor ile ilikuwa imewekwa isome sawa ikiwa wazi, tena kwa karibu, na nadhani walichagua vyema, kwa sababu hununui f/1.4 ili upige f/4. Kuanzia f/8 kina cha ukali kinafunika kosa. Pale katikati, f/2.8 na f/4, ndipo unapojifunza kulenga ncha ya pua ili jicho litoke sawa.

Kina hicho ni chembamba kuliko watu wanavyodhani. Kwa mita moja, milimita 50 ya f/2 inakupa kama sentimita 4 na nusu za ukali kwa ujumla, mbele na nyuma. Ya f/1.5 kama 3 na nusu. Ya f/0.95 kama 2. Mtu akivuta pumzi ameshatoka.

Kopo la soda

Jupiter-3 ina mgogoro wake wa ziada, wa kurithi. Leitz walizijenga kamera zao wakichukulia kuwa "milimita 50" ni milimita 51.6. Sonnar ya Contax ilikuwa karibu na 52.4, na Jupiter-3 iliurithi urefu huo. Nyuzi za kufungia ni zile zile za milimita 39, lenzi inaingia kwenye Leica au Canon vizuri kabisa, mlima wa mbali unatoka mkali. Halafu unampiga mtu kwa karibu, unalenga jicho, unapata sikio. Ile milimita 0.8 ya tofauti maana yake ni kwamba kwa mita moja lenzi inapaswa kusogea mbele kama sehemu moja ya kumi ya milimita zaidi ya kijiti kinavyodhani. Upande wa mtu anayepigwa, kosa hilo dogo linakuwa sentimita 3 au 4. Linganisha na kina cha ukali nilichokitaja juu, utaona kwa nini watu wameitupa lenzi hii wakisema ni mbovu. Kwenye Zorki, kamera iliyozaliwa nayo, kwa kawaida haina neno.

Tiba ni pete nyembamba ya kuweka kati ya vioo na gamba la lenzi. Nilikwenda na tatizo hili kwa fundi wa saa, mzee mwenye miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Alinisikiliza, akauliza unene gani, nikamwambia sehemu moja ya kumi ya milimita. Akainama akaokota kopo la soda chini ya meza, akalikata ubavu kwa mkasi, akaupima kwa vernia, akanionyesha bila kusema kitu. Ubavu wa kopo la soda una unene huo huo. Aliikata pete kwa mkono, akaizungushia msasa, na mpaka leo imo ndani ya Jupiter yangu, upande wenye rangi nyekundu ukitazama vioo. Bei ya kazi ilikuwa ndogo kuliko roli ya filamu.

Kabla ya pete hiyo nilikuwa nimempiga picha yule mama mshonaji kwa lenzi zote mbili, Canon na Jupiter, zote zikiwa wazi, yeye akiwa kwenye cherehani na mwanga wa mlangoni tu. Ya Canon ilinasa jicho barabara, kila kope. Ya Jupiter ilinasa hereni. Nikamchapishia zote nikitaka kumwonyesha kosa. Akaitazama ya Canon, akasema, "Hii imenizeesha," akachukua ya pili.

Zile za juu kabisa

Kuhusu f/1.2 kwenda chini nitasema machache, kwa kuwa wengi wetu tutazisoma tu. Miaka ya hamsini Wajapani waliingia kwenye mbio za kweli: Zunow ya f/1.1 mwaka 1953, Fujinon ya f/1.2 mwaka 1954, Nikkor ya f/1.1 mwaka 1956, mpaka Canon wakafunga mjadala kwa f/0.95 ya mwaka 1961, lenzi ya zaidi ya nusu kilo iliyotengenezewa kamera ya Canon 7, kwa kitako chake maalumu. Inaziba sehemu ya kidirisha unachochungulia. Leitz wenyewe walisubiri hadi 1966 kutoa Noctilux ya f/1.2, yenye vioo visivyo vya duara kamili vilivyosagwa kwa kazi ya mikono, na bei yake leo ni ya gari.

Tatizo hapa ni kamera kushindwa kulenga. Usahihi wa renjifainda unategemea umbali kati ya vidirisha vyake viwili, ukizidishwa kwa ukuzaji wa dirisha. Leica M3 ya mwaka 1954 inafikisha kama milimita 63. Canon P inabaki na 41 hivi, na Zorki-4 haifiki 40. Kumpa Zorki-4 kazi ya kulenga f/1.2 kwa mita moja ni kumpa mtoto uzi na sindano gizani. Nilikuwa na Canon ya f/1.2 juu ya Canon P kwa miezi minane. Katika kila roli ya picha 36 nilipata tano au sita zilizokaa sawa nikiwa wazi kabisa, na hata hizo zilikuwa na utusitusi kama zimepigwa nyuma ya chandarua. Nilimuuzia mtu anayependa chandarua.

Tochi ya simu

Haya yote yanachukulia kwamba lenzi uliyopewa ni safi. Mara nyingi si safi. Washa tochi ya simu, fungua tundu lote, pitisha mwanga kutoka nyuma ya lenzi na uangalie kutoka mbele kwa mshazari, usitazame tochi yenyewe. Vumbi lina vijidoa, lipuuze. Kuvu ina nyuzi kama mizizi au buibui. Ikiwa pembeni na ni changa fundi anaweza kuifuta, ikishakula utando imeandika jina lake kwenye kioo. Hasa ichunguze lenzi iliyotoka Mombasa au iliyokaa kabatini misimu kadhaa ya masika. Ya tatu ni utusitusi: uso mzima wa kioo unakuwa kama umehemewa. Huo haupigi kelele ukishika lenzi mkononi, lakini kwenye picha unafuta kontrasti yote.

Summarit na Canon ya f/1.2 zina sifa ya kushikwa na utusitusi, na utando wa Summarit ni laini, unachubuka kwa kitambaa tu. Yangu niliuziwa na mtu wa mtandaoni aliyeandika kuwa kioo ni "safi kama maji". Yalikuwa maji ya Mto Nairobi. Mikwaruzo midogo midogo kwenye kioo cha mbele, ya wamiliki waliofuta kwa shati miaka sabini, ndiyo iliyokuwa ikivalisha taa zile shela, si mchoro wa Leitz. Kwa hiyo siwezi kusema kwa haki kwamba naijua Summarit. Naijua ile moja. Mtu akikuonyesha picha mbili za kulinganisha lenzi mbili za kale, muulize kwanza kama alizimulika.

Ukiniuliza ununue ipi, jibu langu ni Canon ya f/1.4, hasa kama kamera yako ni ya nyuzi za milimita 39 au Leica M yenye adapta. Ni ya ukoo wa Gauss uliokomaa, fokasi yake haihami kwa kiasi cha kukusumbua, ni nyepesi, na ukibana inashindana na lenzi za miaka mingi baada yake. Haina masimulizi, na labda ndiyo maana haijapanda bei kama Summilux. Jupiter-3 nunua kama unapenda nyuso na una subira ya kutafuta fundi. Nikkor ningeichukua leo kama ningeipata safi. Ina faida ambayo nyingine hazina, kwamba inaendelea kuzunguka kupita pale kijiti kinapoacha kusoma, mpaka karibu nusu mita, ukipima kwa futi badala ya dirisha.

Na usitarajie kuitumia wazi mchana. Jua la saa saba la Nairobi na filamu ya ISO 400 linataka f/16 kwa 1/500 hivi. Kwa f/1.5 ungehitaji shata ya zaidi ya 1/50,000, na Leica M3, kama Zorki-4, inaishia 1/1000. Mchana Canon yangu inakaa f/8 au f/11 kama lenzi ya mtu yeyote, na pete ya tundu naigeuza hadi mwisho saa kumi na mbili, taa ya kwanza ya matatu ikiwaka.